Je, Kitu Kinachokumbuka Kina Dhamiri?

Mpenzi msomaji, wako wasemao kwamba mwanadamu ni mashine tu: mambo yaliyompata huacha alama katika ubongo wake, na alama hizo ndizo zinazomwendesha. Basi alaumiwe kwa lipi? Hoja hii yastahili kupimwa, na wataalamu wametupatia kipimo chema.

Mwaka 1968 Mmarekani Stanford Ovshinsky, ambaye hakusoma chuo kikuu, alitangaza kwamba maada fulani zaweza kugeuzwa hali kwa umeme, kisha zikarudishwa. Chukua mchanganyiko wa gerimani, antimoni na teluri. Ukiyeyushwa na kupozwa ghafla, atomu zake hubaki ovyo, na umeme hupita kwa shida. Ukipashwa joto la kadiri, atomu hujipanga kama fuwele, na umeme hupita kwa wepesi. Hali hiyo hudumu hata umeme ukikatwa. Kwa hiyo kitu hicho “hukumbuka”. Mwaka 2016 wataalamu wa IBM huko Zurich walionyesha seli ya neva ya bandia iliyotengenezwa hivyo: mapigo madogo ya umeme huipanga kidogo kidogo mpaka itoe ishara, kisha huyeyushwa ianze upya.

Hapana shaka twafanana nayo kwa jambo moja. Uongo wa kwanza humtetemesha mtu; wa kumi haumsumbui. Tabia nayo hujengwa kwa mapigo madogo.

Lakini seli ile haiulizi kama alama iliyomo ndani yake ni ya haki au ya dhuluma. Ili ibadilike, sharti mwingine aje na moto. Mwanadamu husoma alama zake mwenyewe, akazihukumu, akasema: “Nimekosa.”

Labda utajibu kwamba majuto nayo ni alama nyingine tu. Basi jiulize: mtu akikudhulumu, je, wamtazama kama redio iliyoharibika, au wamdai haki yako? Hata yule akanaye hiari ya mwanadamu, akiibiwa humlaumu mwizi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mtu asijifiche nyuma ya kompyuta akisema, “Mashine imeamua”. Aliyeitengeneza na aliyeitumia ndio wa kuulizwa. Wala tusijifiche nyuma ya mazoea yetu. Tukisema, “Ndivyo nilivyo,” tumekubali kuwa kama kile kipande cha fuwele, hali tumepewa uwezo wa kurejea.