Kimya cha Shahidi

Miongoni mwa kaida za fikihi zinazonasibishwa kwa Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yaliyoenea pwani yetu tangu Lamu hata Kilwa, imo moja ambayo maana yake ni kwamba aliyenyamaza habandikwi kauli. Na wanasheria wa dola ya Uthmaniya, walipozipanga kaida za namna hii kwa vifungu katika Majalla, waliiambatisha na sharti kwamba kimya mahali palipohitaji maneno huhesabiwa kuwa ni maneno. Ndiyo maana mwanamwali akiulizwa juu ya posa akainamisha kichwa asijibu, kimya chake huchukuliwa kuwa ridhaa. Lakini baina ya kaida na sharti lake pamefichika swali ambalo kadhi hulazimika kulitatua kabla ya mengine yote: je, huyu aliyenyamaza alikuwa na uwezo wa kusema? Kwa mwanamwali aliyekaa mbele yake jambo hilo si gumu, kwani si bubu wala hakuzibwa kinywa. Ugumu huja mtu anapolala usiku, akaitegea sikio dhamiri yake, asisikie lawama, akageuka upande wa pili akasinzia kwa raha. Amepewa ridhaa, au amekatiwa habari?

Swali hili nimelifuata mahali ambapo wanazuoni hawana desturi ya kupita, nyuma ya dashibodi ya gari kongwe la aina ile ambayo Wamarekani huifanya nyumba, lenye kitanda, jiko, choo na matangi ya maji. General Motors ilitengeneza gari lake la namna hiyo, GMC Motorhome, tangu toleo la mwaka 1973 hadi lile la 1978, la futi 23 au 26, likivutwa kwa magurudumu ya mbele na injini ya Oldsmobile ya lita 7.5 ambayo mwaka 1977 ilianza kupisha ya lita 6.6, na Winnebago wa Forest City, Iowa, katika miaka hiyo hiyo walijenga magari yao mengi juu ya chesisi za Dodge. Mengi yangali yakitembea, yakitunzwa kwa mahaba ambayo wake wengi wangeyaonea wivu. Nusu karne haikuzidhuru sana injini zake, kwa kuwa injini ni chuma kizito chenye kuogelea ndani ya oili; iliyodhurika ni mishipa ya habari, yaani nyaya, swichi, na geji ambazo dereva huzitazama asubuhi na jioni kwa imani ambayo hajapata kuihoji.

Geji ya mafuta ya GMC haiyaoni mafuta. Ndani ya tangi limo boya lililofungwa kwenye mkono mwembamba, na mkono huo, kwa kupanda na kushuka kwake, hubadili ukinzani wa umeme: tangi likiwa tupu ukinzani ni kama sufuri, likijaa ni kama omu 90. Geji husoma ukinzani, haisomi petroli. Sasa waya wa kutoka tangini ukikatika kwa kutu, ukinzani wake unakuwa hauna kikomo, na geji, ambayo haikupewa njia ya kutafautisha baina ya wingi wa mafuta na kukosekana kwa habari, huinua mshale hadi ukapita alama ya kujaa. Katika Dodge mpango umegeuzwa, kwani kule ukinzani mdogo, kama omu 10, ndio kujaa, na ule mkubwa wa omu 70 na ushei ndio utupu, hata waya ukikatika mshale hulala chini kabisa na kumwambia dereva kwamba hana kitu, ilhali pengine ametoka kujaza sasa hivi.

Fundi mwenye subira huanzia hapa. Huzima ufunguo, kwa sababu cheche karibu na tangi si mchezo, huuchomoa waya wa boya, kisha huwasha ufunguo atazame mshale. Halafu huzima tena, huugusisha waya ule kwenye chuma cha chesisi mbali na tangi, huwasha, na kutazama mara ya pili. Katika GMC mshale unapaswa kupanda kupita kujaa mara ya kwanza, na kulala mara ya pili. Katika Dodge unapaswa kufanya kinyume chake, na hapo hauachwi umegusishwa kwa muda mrefu, kwa kuwa geji hiyo hufanya kazi kwa joto la kikoili kidogo kinachoweza kuungua. Mshale ukitii mara zote mbili, geji ni nzima na waya ni mzima, na aliyeharibika ni boya tangini. Usipotii, boya halina kosa na tangi haliteremshwi. Nimeona watu wakinunua geji mpya kabla ya jaribio hili lisilogharimu hata senti moja, na tabia hiyo ya kumhukumu shahidi kabla ya kuisikiliza kesi siwezi kuiita kwa jina jingine ila dhuluma, ingawa aliyedhulumiwa ni kipande cha bati.

Basi kimya cha waya ni kile kile kimoja, ila gari moja hukigeuza kuwa bishara na jingine hukigeuza kuwa tishio. Wanazuoni wa tasaufi walizungumza sana juu ya khofu na rajua, yaani matumaini, wakisema kwamba muumini huenda baina ya hizo mbili. Lakini hapa nataka kuuliza jambo ambalo ni la chini zaidi ya hilo: nafsi yangu, pindi inapokatikiwa na habari, huangukia upande gani? Wapo watu ambao wasiposikia kitu hujidhania wamehilikika, wakatubu kwa makosa wasiyoyatenda; na wapo ambao wasiposikia kitu hujiona wamejaa hata kupita alama. Kwa fikira ya haraka mtu angesema heri ya Dodge, maana mwenye kuogopa bure hasara yake ni kusimama kwenye pampu asikohitaji kusimama, na mwenye kuamini bure hasara yake ni kukwama jangwani Nevada jua likiwa utosini. Nami nilikuwa na rai hiyo. Lakini tazama dereva wa Dodge anavyofanya baada ya majuma machache: amezoea kuona mshale umelala, amejua kuwa huo ni uongo wa woga, haujali tena, na siku tangi litakapokuwa tupu kwa hakika, geji itasema kweli mbele ya mtu aliyeacha kuisikiliza zamani. Khofu isiyo na msingi haidumu kuwa khofu; huoza ikawa upuuzi, na upuuzi hukwamisha gari jangwani sawasawa na ghururi.

Kwa hiyo dawa haimo katika kuchagua upande wa kuangukia. Imo, kwa maoni yangu, katika kitaa kidogo chekundu ambacho watu wengi hawakipi hata thamani ya kukipangusa vumbi. Magari mengi ya zama zile yalitiwa taa ya presha ya oili. Swichi iliyoko kwenye injini hufunga njia ya umeme presha inaposhuka, na taa huwaka. Presha ikiwa njema, taa huzima. Ona basi hatari yake: taa iliyozimika ina sababu nyingi, kwamba oili ni salama, kwamba balbu imeungua, kwamba waya umechomoka, kwamba swichi imekufa, na macho hayawezi kuzitenga, kwa sababu giza lake ni moja. Waliobuni chombo hiki walilijua hilo. Ndiyo sababu ufunguo unapogeuzwa kabla ya injini kuunguruma, wakati ambapo hapana presha yoyote, taa ile lazima iwake. Hicho ndicho kipindi cha pekee ambacho shahidi anaulizwa jambo ambalo jawabu lake linajulikana. Akijibu, kimya chake cha baadaye kina thamani. Asipojibu, maili zote zitakazofuata ni za kubahatisha.

Al-Harith al-Muhasibi, mzaliwa wa Basra aliyefariki Baghdad mwaka 857, alipata lakabu yake kwa kuihesabia nafsi, na Ghazali baada yake akaitengea muraqaba na muhasaba, yaani kuichunga nafsi na kuihesabia, kitabu kizima ndani ya Ihyaa yake. Watu huidhania muhasaba kuwa ni kutafuta makosa. Mimi naona kwamba kabla ya hayo ni kuwasha ufunguo: kuikumbusha nafsi jambo ambalo mwenyewe najua kuwa nililikosea, ahadi niliyoivunja au neno nililomtupia mnyonge, na kungoja kama itauma. Isipouma kwa lile ninalolijua, sina haki ya kujipongeza kwa kutouma kwake katika yale nisiyoyajua. Mtu ambaye dhamiri yake haijapata kumsumbua hata mara moja huitwa na majirani mtu mwenye moyo safi, nami ningependa kwanza kuiona balbu.

Juu ya wingi wa mashahidi nitasema kidogo, kwa kuwa ndio unaowadanganya hata wenye akili. Watu wa hadithi hawakuikubali habari kuwa mutawatiri, yaani ya yakini isiyo na shaka, kwa sababu tu imenenwa na vinywa vingi. Walitaka wingi huo uwepo katika kila tabaka la wapokezi, wasiweze kuafikiana juu ya uongo. Dashibodi za Dodge zina kifaa kidogo kinachopunguza volti 12 za betri hadi wastani wa volti 5 kwa ajili ya geji zote pamoja. Kifaa hiki kikikosa ethi, yaani njia yake ya kurudishia umeme, huachilia volti zote 12, na mishale yote huinuka kwa pamoja: wa mafuta unabashiri neema, wa joto la injini unaonya balaa, na dereva anafurahi na kutetemeka kwa habari mbili zilizotoka kinywa kimoja kibovu. Katika GMC uovu wa ethi una sura nyingine, kwani sehemu kubwa ya bodi yake ya chini ni plastiki iliyotiwa nyuzi za kioo, isiyopitisha umeme, na kila kitu hutegemea waya na skrubu. Skrubu moja ikilegea na kuota ukungu mweupe, utawasha indiketa ya kukatia kona, na mshale wa mafuta utaanza kuruka nayo, tiki kwa tiki, kana kwamba petroli inacheza ngoma. Hapo hapana geji mbovu hata moja. Ni msasa, skrubu kukazwa, na kazi imekwisha.

Swichi nazo zina hila yao. Swichi ya taa kubwa iliyochakaa ndani, ukiipima kwa mita taa zikiwa zimechomolewa, itakuonyesha volti 12 timamu, hata kama kilichobaki ndani yake ni uzi mmoja wa shaba. Itwishe mzigo wa taa, na volti zitaporomoka, na kipande cha plastiki kitaanza kunuka. Fundi hupima taa zikiwaka, ncha moja huku na ncha moja huku ya swichi, akitaka kuona karibu na sufuri. Wema uliopimwa bila mzigo sina haja ya kuueleza. Na kwa mwenye kupenda kicheko, lipo tangi la maji machafu ya choo, ambalo taa zake za kipimo ukutani hudai daima kuwa limejaa, hata baada ya kumwagwa, kwa sababu uchafu umewagandia wale mashahidi wa chuma waliopenyezwa ubavuni mwake.

Inabakia mita yenyewe. Katika mahakama za Kiislamu walikuwako watu wa tazkia, waliotoa ushahidi juu ya mashahidi, na mtu mjeuri angeweza kuuliza nani aliwazaki hao. Fundi huigusisha mita kwenye betri anayoijua kuwa nzima. Betri ameijua kwa sababu imeizungusha injini. Injini ameijua kwa kuisikia. Na sikio je? Ghazali, katika shaka iliyomshika takriban miezi miwili, alizikataa hawasi kwa kuwa jicho huona kivuli kimesimama nacho kinakwenda, akaitilia mashaka hata akili, na alipopona alikiri kwamba hakuponywa na burhani aliyoipanga, bali na nuru ambayo Mungu aliitia kifuani mwake. Wapo waliomlaumu kwa kuikimbia hoja. Mimi simlaumu, kwa maana sijaona fundi yeyote, awe Iowa au Gerezani, Dar es Salaam, ambaye mfululizo wa vipimo vyake haukukomea kwenye kitu alichokiamini bila ya kukipima. Tafauti iliyopo ni kwamba Ghazali alikitaja.