Pikipiki ya Jogoo na Ukuta wa Nyumba ya Padre





Wako wengi kati yetu waanzao kusoma Biblia tangu ukurasa wa kwanza, wakafika salama mpaka Kutoka, kisha wakaingia katika Mambo ya Walawi wakakwama humo kama lori katika matope ya masika. Sisi nasi ndivyo tulivyokuwa. Mlango wa 14 wa kitabu hicho, unaonena habari za ukoma uingiao katika kuta za nyumba, tulikuwa tukiupita mbio. Mwaka huu hatukuweza kuupita mbio, kwa sababu tuliusoma tukiwa tumeketi juu ya ndoo zilizofudikizwa, nguo zimejaa vumbi la chokaa, na juu yetu dari iliyokaribia kuanguka.

Nyumba ya padre mnaijua. Ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe yaliyojengwa kwa udongo na chokaa, kuta zake zina unene wa nusu mita, na dari yake imebebwa na boriti za mikoko. Tangu masika ya mwaka jana chumba cha wageni kilikuwa kikinuka. Rangi ilibanduka, na chumvi nyeupe ikachanua ukutani kama unga wa sembe. Tukakwangua, tukapaka rangi. Ikabanduka. Tukapaka tena. (Rangi hizo zimo katika hesabu za mtaa, makopo manne makubwa, na anayetaka kutuuliza atuulize.) Basi Jumatano ya Majivu jioni, kipande cha lipu kikubwa kama meza kilianguka juu ya kitanda ambacho, kwa rehema ya Mungu, hakikuwa na mtu. Ndipo tulipoviona vichwa vya boriti mbili vilivyoingia ukutani. Vilikuwa laini kama mkate uliochovywa katika chai.

Torati yaagiza hivi, kwa maneno yetu wenyewe. Mwenye nyumba akiona dalili ukutani, na aende yeye mwenyewe kwa kuhani amwambie kwamba adhani kuna pigo nyumbani mwake. Kabla kuhani hajaingia, vyombo vyote vitolewe nje. Kuhani atazame kama zile alama za kijani au nyekundu zimeingia ndani kupita uso wa ukuta. Asibomoe siku hiyo. Aifunge nyumba siku saba, kisha arudi. Pigo likiwa limeenea, mawe yale yang'olewe yakatupwe nje ya mji, ndani mote mkwanguliwe, yaletwe mawe mengine na udongo mwingine. Na likirudi baada ya hayo yote, nyumba ivunjwe.

Tukilinganisha agizo hilo na matendo yetu, hakuna kifungu tulichokishika. Tulipaka kabla ya kutazama. Hatukutoa hata kiti. Na lile la kwanza kabisa, la mwenye nyumba kwenda mwenyewe kusema, ndilo lililotushinda zaidi, kwa sababu ambayo tutaieleza hapa hapa, maana ndiyo iliyotufanya tuandike.

Kwanza ukuta wenyewe, kwa kuwa vijana wengi wamezaliwa katika nyumba za matofali ya saruji na hawaijui tabia ya nyumba za kale. Jiwe la matumbawe hunywa maji. Hunywa toka ardhini, hunywa na mvua ipigayo ubavuni. Wazee walilijua hilo, wala hawakulizuia. Waliupiga ukuta lipu ya chokaa, ambayo huyaruhusu maji kutoka tena taratibu kwa njia ya hewa, kama jasho litokavyo mwilini. Saruji haifanyi hivyo. Ni ngumu, nayo hufunga. Maji yaliyokwisha kuingia hayaoni mlango, basi hupanda juu yakichukua chumvi, na huko juu hukutana na vichwa vya boriti. Nje ukuta waonekana mzuri sana, mgumu, ukiugonga walia. Ndani waoza.

Sasa, ni nani aliyeweka saruji?

Mwaka 2014 tulikuwa tukimngoja Askofu kwa Kipaimara. Chokaa nzuri yataka kulala shimoni majuma mengi, kisha ipigwe tabaka jembamba, ingojwe, ipigwe jingine. Sisi tulikuwa na siku 12. Fundi wetu wa siku zote, aliyekuwa pia mwimbaji wa kwaya, alikuja akaupapasa ukuta kwa kiganja, akasema nyumba hii haitaki saruji, na kama twataka saruji basi tutafute mtu mwingine. Tukamwona mkaidi. Tukamtafuta mtu mwingine. Kazi ikaisha kwa siku 9, Askofu akalala vizuri, tukasifiwa.

Masika ya mwaka uliofuata madoa yakaanza. Watu wakauliza kazi ile ilifanywa na nani. Mmoja akamtaja yule fundi, kwa kuwa ndiye aliyezoeleka. Tulikuwepo, tulisikia. Hatukusema kwamba ni yeye, walakini hatukusema pia kwamba siye. Neno likatembea. Akapungukiwa kazi mjini. Akaacha kwaya, kisha akaacha Misa. Nasi tulipomkumbuka katika maombi, tulimwombea kama mtu aliyepoa katika imani.

Tuliyaweka hayo mahali tulipoiweka ile chumvi, chini ya rangi, kwa miaka mingi. Huenda yangalikuwa huko hata leo kama isingalikuwa pikipiki.

Safari hii tulipoanza kazi tulishika agizo la kutoa vyombo nje, nacho chumba cha wageni kina stoo nyuma yake. Humo, chini ya mabati, vijana waliikuta pikipiki ya padre mmoja wa zamani. Ilikuwa na kutu, na panya walikuwa wamezaa katika kiti chake. Wakaiosha kwa mafuta ya taa. Ikatokea rangi ya kijani iliyofifia, na ubavuni mwa tangi picha ya jogoo. Ni BSA Bantam, namna ya kwanza kabisa, silinda moja, ujazo wa sentimita 123, gia tatu. Pikipiki za jina hilo zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, na bantam ni aina ya kuku wadogo, ndiyo maana ya jogoo. Kampuni yenyewe iliundwa na mafundi wa bunduki wa Birmingham mwaka 1861, na alama yake ni bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. Tena mchoro wa Bantam haukuwa wa Waingereza, ulikuwa wa DKW ya Ujerumani, ukachukuliwa kama fidia baada ya Vita vya Pili. Marekani nao waliuchukua, na Warusi pia. Chombo cha mataifa yaliyopigana ndicho kilichompeleka padre wetu vijijini akiwa na Sakramenti mfukoni. Tungeweza kukaa hapo mahubiri mazima, lakini tuendelee.

Vijana walitaka iwake kabla ya Pasaka. Mafundi wa bodaboda pale kituoni wakaja, wakaisifu, wakashindwa, kwa maana wao wamezoea Boxer na TVS zinazotiwa oili mahali pake, na hii oili yake huchanganywa katika petroli yenyewe. Wakasafisha plagi. Wakasafisha kabureta mara saba au nane. Ikawaka! Lakini ikawa yapiga kelele ya juu yenyewe bila kuongezwa mafuta, yapata moto, kisha yazima. Kila siku hivyo. Kijana mmoja, ambaye mwaka 2014 alikuwa bado anafundishwa Ubatizo na hajui lolote, akasema yuko mzee mmoja ng'ambo ya soko ajuaye vyombo vya zamani. Akaenda kumwita. Akarudi na jibu: nitakuja kwa ajili ya pikipiki, ila nyumba ile siingii.

Alikuja. Akaitazama chini ya mwarobaini, nje, mgongo wake ukiwa umeielekea nyumba. Hakugusa kabureta. Aliisikiliza ikilia mara moja tu, akaagiza mashine yote ishushwe ifunguliwe hadi tumboni. Vijana wakanung'unika, maana walitumaini jambo dogo. Akawaeleza kwamba pikipiki ya namna hii huvuta hewa na petroli kwanza katika tumbo la chini, liliko krenki, na tumbo hilo lazima lizibe kabisa. Pande mbili za krenki kuna sili. Sili zikikauka, mashine huvuta hewa kwa mlango usio wake, petroli ikawa haba, ndipo huunguruma kama yenye nguvu huku yaungua. Basi mkisafisha kabureta mpaka Kiyama, akasema, mwasafisha mahali pasipo na kosa.

Sisi tulikuwa tumesimama barazani tukisikia. Kila Kwaresima twawafundisha watu kujichunguza kabla ya kuungama, nasi wenyewe tulikuwa tumeungama uvivu, hasira, kusahau sala za jioni. Kabureta mara nane. Yule jogoo alikuwa akitutazama toka tangini, na sisi tunajua Petro alifanya nini uani kwa kuhani mkuu, na jogoo alipowika alikwenda wapi na akafanya nini. Hatukuweza kucheka pamoja na vijana.

Baraza la wazee likakutana. Tuwaambie ukweli, lilikuwa na maoni mengine. Wako waliosema tufunike ukuta kwa jipsamu, kazi ya siku mbili, wageni wa Pasaka waje, haya mengine tutayaona baadaye. Nabii Ezekieli katika mlango wa 13 awaonya wale wanaoupaka ukuta dhaifu ili uonekane mzima, kwamba mvua yaja. Tena mmoja wetu akakumbusha Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lililoanzwa kujengwa mwaka 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa. Watu husimulia kwamba Askofu Steere alipokuwa safarini mafundi walizisimamisha baadhi ya nguzo ndogo kichwa chini. Zipo hivyo hata leo, kila mgeni huonyeshwa. Hakuna aliyezifunika.

Tulikwenda kwake watu watatu, Jumanne jioni. Tulimpa shikamoo yake, akaitika, akatuwekea mkeka. Tulisema yote, tangu siku zile 12 mpaka siku tuliposikia jina lake likitajwa tukanyamaza. Alikaa kimya muda mrefu kiasi cha kutuogofya. Kisha akauliza, "Padre, bomba la maji ya mvua juu ya chumba kile mlikwisha kulitazama?" Tukasema hatujalitazama. Akasema, "Anzeni hapo. Na hiyo saruji ing'oeni yote, msiache hata kiganja. Ukuta ukae uchi masika yote mwone maji yaingia wapi. Chokaa itieni shimoni sasa, ilale. Baada ya masika nitakuja niione." Kuhusu yale mengine hakusema neno, wala hatukumdai. Mwenye kudhulumiwa hapangiwi siku ya kusamehe, hata ikiwa ni Kwaresima.

Ila dhambi iliyotembea hadharani haiungamwi chumbani peke yake. Kwa hiyo twaandika hapa, na Jumapili itasomwa baada ya matangazo: yule fundi hakuiweka saruji katika nyumba ya padre. Alikataa. Ni sisi tulioamua, na ni sisi tulioacha alaumiwe. Jina lake hatuliandiki kwa kuwa mwenyewe ametuomba, ninyi mwamjua. Wale waliompunguzia kazi kwa sababu ya neno lile, tafadhali wamrudie.

Katika mlango ule wa Walawi, nyumba ikipona, kuhani hutwaa ndege wawili. Mmoja huchinjwa juu ya maji yaliyo hai, wa pili huchovywa katika damu ya mwenziwe na kuachiwa aende zake porini. Kanisa tangu zamani limemwona hapo Bwana wetu, aliyekufa, na sisi tunaokwenda zetu huru tukiwa na damu yake juu yetu. Lakini angalieni mahali pake. Ndege hawaletwi siku ya kwanza. Huja mawe yakiisha kung'olewa, vumbi likiisha kutupwa nje ya mji, na kuhani akiisha kurudi kutazama tena. Sisi hatujafika kwa ndege. Jumapili iliyopita mtu fulani alisimama nje, karibu na mlango wa ubavuni, mpaka Injili ikaisha kusomwa, akaenda zake. Tulimwona. Hatukumkimbilia.

Pikipiki inawaka. Sili zilipatikana katika duka la beringi, kwa kupimwa, hazikugharimu hata nusu ya kopo moja la rangi. Inatoa moshi mwingi, nayo itatumika kuwapelekea Komunyo wagonjwa wa mitaa ya karibu tu.

Wageni wa Pasaka watalala kwa wazee wa kanisa. Mwenye nafasi amwone katibu. Kazi ya kung'oa saruji yaendelea kila Jumamosi saa mbili asubuhi, na akina mama wa Umoja wameahidi uji. Njooni na nyundo na patasi, na kitambaa cha kufunga pua. Bomba la mvua tulilitazama: limepasuka pale pale alipodhani.