Je, Ulevi Nao Husomewa?

Jumapili moja baada ya ibada kijana wa hapa Msowero alituaga. Alikuwa akienda Dar es Salaam kusomea shahada ya uzamili ya saikolojia, na hasa habari za uraibu, yaani ile hali ya mtu kufungwa na pombe au dawa za kulevya hata akitaka kuacha ashindwe. Mzee mmoja akamwuliza, "Mwanangu, ulevi ni dhambi. Nao husomewa?" Tulicheka, lakini swali lile halikunitoka.

Mzee hakukosea kabisa. Kikombe cha kwanza cha gongo mtu hukiinua kwa mkono wake mwenyewe. Je, na kile cha elfu? Katika kliniki ya methadoni iliyofunguliwa Muhimbili mwaka 2011, watu waliofungwa na heroini hufika kila siku kunywa dawa mbele ya mhudumu. Asiye na hiari hata kidogo asingefika. Mwenye hiari kamili asingehitaji dawa.

Liko jambo lingine, nalo ndilo linalonisumbua. Mwaka 1971 Wamarekani walishtuka kuona askari wao wengi huko Vietnam wanatumia heroini. Mtafiti Lee Robins aliwafuatilia waliporudi kwao. Baadhi waliionja tena, lakini wengi wa waliokuwa watumwa wake kule hawakurudi utumwani. Walikuwa wameacha nyuma vita, wauzaji na wenzao wa kuvuta.

Mnywaji wetu hana pa kurudi, maana kwao ni hapa hapa. Akiamka ameazimia kuacha, njia ya shambani inapita kilabuni, na wanaomwita kwa jina lake wako huko. Sisi tutokao kanisani twampita kimya, tukisema ajirekebishe kwanza. Basi kama mahali na watu humfunga mtu, sisi tu watu gani kwake?

Mimi mwenyewe, msimu mmoja wa mavuno, jirani aliniletea gunia la mahindi kwa nusu ya bei. Nilijua fedha inakwenda wapi. Nilijua pia kwamba wanawe wangelala njaa kabla ya masika. Nikalipa, nikashukuru Mungu kwa bei nzuri.

Kijana akija likizo nitamwuliza kama katika vitabu vyake yumo mnunuzi wa gunia lile.