Kubadili Kilicho Kazini

Kuna swali ambalo mafundi wa Madale hulijibu kwa mikono kabla wanafalsafa hawajalijibu kwa vinywa: je, yafaa kukibadili kitu ilhali mtu angali anakitegemea? Huko pembezoni mwa Dar es Salaam si ajabu familia kuhamia nyumba ingali boma, chumba kimoja kikiwa na bati na vingine vikitazama mbingu. Fundi mwenye busara haugusi ukuta uliobeba paa la chumba wanamolala watu. Husimamisha mwingine kando, akapaua upande wa pili, wenyewe wakahama, ndipo nyundo ikaanza.

Kompyuta nazo zina adabu hiyo. Katika mfumo wa Linux, ajaribuye kuandika ndani ya faili la programu inayoendelea kufanya kazi kwa kawaida hukataliwa: faili lina shughuli. Walakini huruhusiwa kuliondoa na kuweka jipya kwa jina lilelile. La kale halifi. Limepoteza jina tu. Mwili wake hubaki diskini hadi programu iliyoanza kazi nalo imalize. Atakayeliita jina hilo baadaye ataitikiwa na jipya. Kwa muda, basi, jina moja lina viumbe wawili.

Tanzania imepata kuishi hivyo. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikuta takriban asilimia 80 ya waliotoa maoni wakitaka chama kimoja kibaki, nayo ikapendekeza vyama vingi. Mwaka 1992 Katiba ya 1977 ikarekebishwa. Lakini wabunge waliochaguliwa mwaka 1990 chini ya chama kimoja wakaendelea kuketi hadi uchaguzi wa 1995. Sheria mpya mlangoni, baraza la kale ndani.

Wapo watakaosema huo ndio uungwana: aliyeingia kwa masharti fulani aachwe amalize kwa masharti hayo. Nakubali, ila kwa shingo upande. Ikiwa faili la kale lilikuwa na tundu la kupitisha wezi, kuliweka jipya mahali pake hakulizibi tundu. Programu iendeleayo ingali na kasoro ileile mpaka izimwe na kuwashwa upya. Mwenye nyumba huitazama orodha ya mafaili, akaona yote mapya, akalala usingizi.

Lugha ya Erlang, iliyobuniwa katika kampuni ya Ericsson huko Sweden miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu isiyotakiwa kuzimika, ililikata shauri hilo kwa ukali. Kila sehemu ya programu yaweza kuwa na matoleo mawili tu kwa wakati mmoja, la sasa na la kale. Kabla ya kuingia la tatu, lile la kale kabisa hufagiliwa, na kazi iliyolikumbatia bado huweza kuuawa. Ukali huo naupenda kuliko subira isiyo na kikomo, kwa kuwa kanuni yake ilijulikana tangu mwanzo. Na waliochaguliwa mwaka 1990 nao waliujua mwaka wa kuondoka kwao.