NENDA UKAULIZE KWANZA
Somo: Yoshua 22:10-34

 

Wana wa Reubeni, wana wa Gadi na nusu ya Manase walipokuwa wakirudi kwao ng'ambo, walijenga madhabahu kubwa kando ya Yordani. Ndugu zao waliposikia, walikusanyika Shilo tayari kwa vita, wakidhani wenzao wamemwacha Mungu. Lakini kabla ya kupigana walimtuma Finehasi, mwana wa Eleazari kuhani, pamoja na wakuu kumi.

Wajumbe hawakuficha neno. Walisema waziwazi walichokiogopa, tena wakawaambia kwamba kama nchi yao ni najisi, wavuke wapewe sehemu kwao. Sisi tunaoishi katika ardhi ya wengine tunajua uzito wa neno hilo. Nao waliojenga hawakukasirika kwa kuulizwa. Walieleza kwamba madhabahu ile si ya sadaka bali ni ya ushahidi, kwa sababu waliogopa watoto wao wasije wakaambiwa kesho kwamba hawana fungu kwa Bwana. Kumbe kilichoonekana kuwa uasi kilikuwa hofu ya kutengwa! Vita vikaishia hapo.

Na sisi tukiri. Zamani rafiki yetu alionekana mara kwa mara akiingia ofisini. Watu wakasema anatuchongea ili tuondolewe katika orodha ya safari. Tukaamini. Miezi minne tulimpa mkono kanisani huku moyo umefungwa. Tulipokwenda kumwuliza, alilia. Mtoto wake alikuwa mgonjwa, naye alikuwa akitafuta barua ya matibabu, akaona haya kutuambia. Akasema, "Mchungaji, mbona hukuniuliza?" Hatukuwa na jibu.

Hapa Malukhu tunaishi ukuta kwa ukuta. Neno la asubuhi bombani, jioni limeota pembe. Ukisikia jambo juu ya rafiki, usimpelekee mtu wa tatu. Mwendee, mkawe ninyi wawili tu, kama Bwana alivyofundisha katika Mathayo 18:15. Nawe unayefanya jambo litakalomtia mwenzako mashaka, mweleze mapema. Wana wa Reubeni wangetuma mjumbe kabla ya kujenga, pasingekuwa na hofu ile.

Kabla hatujakaribia Meza ya Bwana, kila mmoja ajiulize: ni mlango wa nani sijapiga hodi?

Mungu awabariki. Amina.