Kula Bata Nungwi: Ni Dhambi?



Mdogo wangu anatandika vitanda kwenye loji moja hapa Karatu. Wageni wanaokwenda Kreta ya Ngorongoro hulala pale usiku mmoja au miwili, asubuhi Land Cruiser zinawapandisha kuelekea geti la Lodoare, yeye anabaki na mashuka yao. Wengi wakitoka porini wanapanda ndege ndogo kwenda Zanzibar kumalizia likizo ufukweni. Kwa hiyo jina la Nungwi analisikia karibu kila siku ya kazi.

Mwaka huu niko kwenye mwaka wa uchungaji, parokia isiyo mbali na nyumbani. Jumapili moja ya Kwaresima alinionyesha daftari. Kaandika bajeti: basi hadi Dar, boti hadi Unguja, daladala hadi Nungwi, chumba siku tatu, pweza wa kuchoma, na fulana nyeupe mbili za kupigia picha. Jumla laki sita na nusu, imekaa kwenye kibubu tangu mwaka juzi. Safari ni mwisho wa Aprili, kwa sababu masika ndiyo hupunguza wageni na hapo ndipo wanapewa likizo. Yaani hata likizo yake ni ile ambayo wenye hela hawaitaki.

"Frateri," akaniuliza, nusu utani, "kwenda kula bata ni dhambi?"

Sasa ukimuuliza swali kama hilo mtu aliyetoka kumaliza digrii ya falsafa, umejitakia. Nikampa Mtakatifu Augustino na tofauti yake kati ya vitu vya kutumia tu na Mungu ambaye ndiye wa kufurahiwa. Nikampa tamaa ya macho. Nikamkumbusha paa la jikoni kwa mama. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kaka, wewe kila mwaka una likizo ndefu, na hakuna anayekuuliza kama ni dhambi."

Sikuwa na jibu. Usiku nikafungua Kumbukumbu la Torati, sura ya 5. Amri ya Sabato pale haimwambii mwenye nyumba apumzike peke yake. Inamtaja mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda na mgeni, tena inatoa sababu: watumishi nao wapumzike kama bwana wao, maana Waisraeli walikuwa watumwa Misri. Mimi nilizoea kuifundisha kama amri ya kuhudhuria Misa, basi. Kumbe ndani yake kuna haki ya anayetandika kitanda cha mwenzake. Papa Leo XIII alitetea mapumziko ya wafanyakazi mwaka 1891 katika waraka wa Rerum Novarum. Na Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba roho nayo huchoka kama mwili, na burudani ya kiasi ndiyo pumziko lake. Hata anaona kasoro kwa mtu asiyetaka kabisa kufurahi na anayewaharibia wengine furaha. Hilo nililifanyia mtihani, nikafaulu, nikalisahau nilipofika kwa mdogo wangu.

Sisemi kila bata ni halali. Zipo safari za mkopo wa simu, zipo za kumkomoa aliyekuacha. Zile fulana nyeupe zilinitia shaka, nikamuuliza: simu ikizima siku ya kwanza, bado utataka kuwa kule? Akafikiri. Akasema anataka kuona kama kweli ng'ambo ya pili haionekani. Nikaridhika.

Ila lilibaki jambo gumu zaidi ya fulana. Aprili ni palizi. Akiondoka, shamba la mahindi linabaki kwa mama peke yake. Kama vile pumziko la mgeni linavyobebwa na mgongo wa mdogo wangu, pumziko la mdogo wangu lingebebwa na mgongo wa mama. Na mama yetu hajawahi kuona bahari. Hata Kreta, ambayo iko juu yetu hapo, hajawahi kushuka.

Hapo Augustino akanirudia kwa mlango mwingine. Mwaka 387 yeye na mama yake, Mtakatifu Monika, walikuwa Ostia, mji wa pwani karibu na Roma ambako hadi leo watu wa Roma huenda kuogelea. Walikuwa wanapumzika baada ya safari ndefu, wakisubiri kusafiri kwa meli kurudi Afrika. Wakasimama wawili dirishani, bustani iko chini yao, wakazungumza juu ya uzima wa watakatifu. Siku chache baadaye Monika akaugua, akafia hapohapo. Katika kumbukumbu zote alizoandika Augustino, ile saa ya dirishani ni kati ya zile nzuri kabisa, na aliipata akiwa na mama yake.

Sikuweza kumwambia mdogo wangu asiende. Nilimwomba paroko siku nne, akanipa.

Kwa hiyo wakati yeye yuko Nungwi, mimi nilikuwa kwenye mahindi na mama. Siku ya kwanza saa nne asubuhi viganja vilishatoka malengelenge. Jioni ikaingia picha: fulana nyeupe, mvua inanyesha, kacheka hadi jino la mwisho. Mama akaishika simu muda mrefu.

Nikamuuliza, "Na wewe mama utapumzika lini?"

Akanirudishia simu, akaniambia nimalizie mstari wangu kabla giza halijaingia.