Samaki ni halali kumla, je, kumfungia?

Watu wengi wakiulizwa swali hili hucheka. Kama Mwenyezi Mungu ametuhalalishia viumbe vya baharini, tukawavua, tukawakaanga na kuwala, basi kumweka samaki nyuma ya kioo na kumtazama ni jambo dogo kuliko kumtia kwenye sufuria. Hoja hii nimeisikia barazani na hata nje ya msikiti baada ya swala. Inasikika vizuri, lakini ina kasoro moja kubwa, na ningependa, ndugu msomaji, tuitazame pamoja.

Swali limenijia kwa sababu ya mpwa wangu, seremala hapa Dar es Salaam, ambaye ameacha makabati kwa muda na kuunda tanki la plaiwudi ukumbini kwake. Si lile la kioo linalowekwa juu ya meza. Ni sanduku lenye urefu wa futi 8, upana wa futi 3 na kina cha futi 2 na nusu. Anataka ndani yake kuwe na mwamba mzima wa bahari: mawe, matumbawe na samaki wa rangi. Likijazwa ni kama lita 1,700, na kwa kuwa maji ya chumvi ni mazito kuliko ya bomba, uzito wake ni karibu tani moja na robo tatu kabla hujatia jiwe hata moja. Kioo cha mbele peke yake kinasukumwa kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 700. Ndiyo maana hakibandikwi kwa nje. Kinakaa upande wa ndani wa fremu, ili maji yenyewe yakikandamize kwenye silikoni. Mbao nazo hupakwa epoksi tabaka juu ya tabaka, kwani tundu dogo tu linatosha kuufanya ubao unywe maji, uvimbe na kuachana.

Turudi kwenye hoja. Anayemla samaki anamaliza shughuli naye kwa muda mfupi, na hata hapo dini imetutaka tusimtese kiumbe tunayemuua. Anayemfungia ameanza shughuli isiyokwisha. Katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim, yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka hakulaumiwa kwa kufuga. Alilaumiwa kwa kuwa alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha akajitafutie. Kwa upande wa pili, yule mtoto Abu Umayr alikuwa na kindege chake, na Mtume (s.a.w.) alimtania kwa upole juu ya kindege hicho bila kumkemea kwa kukiweka. Wanazuoni wamechukua humo ruhusa ya kufuga ndege. Kwa hiyo kufungia si haramu kwa jina lake. Ila ukishamzuia kiumbe kujitafutia, riziki yake yote imehamia mkononi mwako.

Na riziki ya samaki si chakula tu! Hapa ndipo wengi wanapojidanganya. Paka ukimfungia bado anavuta hewa ile ile unayovuta wewe. Samaki wa kwenye sanduku anategemea pampu ili apate hewa. Uchafu wake hugeuka amonia, ambayo ni sumu kwake, na vijidudu vya kuigeuza amonia hiyo huchukua wiki kadhaa kuzaliana vya kutosha kwenye mawe. Matumbawe nayo ni wanyama, ingawa wengi wetu tunayaita mawe. Yanataka mwanga, mkondo na joto lisilopanda ovyo. Mwaka 1998 joto la Bahari ya Hindi lilipopanda, matumbawe mengi ya pwani yetu yalipauka na kufa, na hiyo ni bahari nzima. Sanduku la ukumbini, mchana wa Februari, litakuwaje?

Wapo wanaosema afadhali sanduku kuliko bahari yenyewe, ambayo wavuvi wa baruti wameivuruga. Nakubali kuhusu baruti. Lakini kimbilio linalotegemea mtu akumbuke kununua umeme wa LUKU silioni kuwa kimbilio.

Wala sitaki tujifanye watakatifu katika jambo hili. Mababu zetu walikata matumbawe yakiwa hai na laini, wakayachonga kwa ajili ya misikiti. Msikiti wa Kizimkazi, wenye maandishi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, una mihrabu ya matumbawe, na watu wanaswali hapo hadi leo. Kilichochukuliwa kilidumu miaka mia tisa. Jumbe la tumbawe lililokua kwa kadiri ya sentimita moja kwa mwaka, likafa ukumbini ndani ya wiki mbili, limechukuliwa kwa ajili ya nini?

Kuna jambo jingine dogo ambalo jirani yake alilitaja, naye hakupendezwa kulisikia. Maji yakipungua kwa jua na feni, chumvi inabaki, hivyo hujaziwa maji baridi. Ni ndoo kila siku, katika mtaa ambao wengine wananunua maji kwa ndoo. Sikumwambia aache. Nilimwambia maji ya mvua ya bati lake yanatosha kama ataweka pipa, na ameweka.

Alipokuja kuniuliza, "Mjomba, naweza kwenda kuchukua matumbawe?", nilimjibu kwamba visiwa vya Bongoyo, Mbudya, Pangavini na Fungu Yasini ni hifadhi tangu mwaka 1975, kwa hiyo huko asithubutu, na kwingine akaulize kwanza maofisa wa uvuvi. Nikaongeza sharti langu, ambalo si la kisheria: tanki likae na maji na mawe matupu kwa miezi 3, bila kiumbe anayeonekana kwa macho. Likivuja, livujie sakafu. Umeme ukikatika, ukatike bila anayekosa hewa.

Alinuna, maana alishawaahidi watoto. Lakini juzi alizima swichi kuu kwa makusudi saa mbili usiku, akakaa kwenye kiti na saa yake. Betri iliendesha pampu hadi saa saba na robo. Anasema haitoshi, anatafuta ya pili.